Malalamiko ya wachezaji gofu kuhusu ugumu wa viwanja vya U.S. Open

Malalamiko kuhusu ugumu wa viwanja vya U.S. Open ni mabishano ya muda mrefu kati ya wachezaji gofu wa kulipwa na Chama cha Gofu cha Marekani (kifupi USGA), ambacho huandaa mashindano hayo kila mwaka mwezi wa Juni. Wachezaji hawalalamiki kwa sababu tu uwanja ni mgumu, kwani wote wanajua kwamba U.S. Open hukusudiwa kuwa ngumu. Wanacholalamikia ni kwamba mara kadhaa uwanja umetayarishwa kwa namna ambayo mkwaju mzuri na mkwaju mbaya huishia pabaya sawasawa, au kwamba aliyecheza asubuhi amekuta uwanja tofauti kabisa na aliyecheza alasiri.

U.S. Open ni moja kati ya mashindano manne makuu ya gofu ya wanaume, pamoja na Masters, PGA Championship na The Open ya Uingereza. Ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1895 huko Newport, Rhode Island. Haina uwanja wake. Kila mwaka huhamia uwanja mwingine, na baadhi ya viwanja kama Oakmont (Pennsylvania), Winged Foot na Shinnecock Hills (New York), Olympic Club na Pebble Beach (California) vimerudiwa mara nyingi. Fedha zinazoshindaniwa ni nyingi. Mwaka 2018 mshindi alipata dola za Marekani milioni 2.16, na pamoja nazo nafasi ya kushiriki U.S. Open kwa miaka kumi inayofuata bila kupita mchujo. Ndiyo maana mpira mmoja unaoteremka grini na kupotea unaweza kuzua hasira za miaka.

Namna uwanja unavyofanywa kuwa mgumu

Uwanja wa gofu wa mashindano una mashimo 18. Kila shimo huanzia mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza na kuishia kwenye grini, yaani kiwanja kidogo chenye majani yaliyokatwa chini kabisa, ambamo mna tundu lililochomekwa bendera. Kati ya hapo kuna njia ya kati yenye majani mafupi, na pembeni mwake majani marefu ambayo humpa taabu mchezaji aliyekosa njia. Hapa na pale yamechimbwa mabunka ya mchanga. Kila shimo hupewa pari, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kuitumia, mara nyingi 3, 4 au 5. Jumla ya pari za mashimo yote huwa 70 hadi 72, na mashindano huchezwa kwa raundi nne katika siku nne.

USGA ina njia chache za kuufanya uwanja uleule wa wanachama kuwa adui wa mabingwa. Hufanya njia ya kati kuwa nyembamba. Huacha majani ya pembeni yakue hadi mpira uzame usionekane. Hukausha ardhi ili mpira udunde na kukimbia. Huweka bendera karibu na ukingo wa grini au karibu na mteremko. Wakati mwingine hubadili shimo la pari 5 kuwa la pari 4, ingawa urefu wake ni uleule: Pebble Beach, kwa mfano, ina pari 72 kwa wageni wa kawaida lakini 71 wakati wa U.S. Open. Badiliko hili la mwisho halimfanyi mtu yeyote apige mkwaju mmoja zaidi, kwani mshindi ni yule mwenye mikwaju michache kwa jumla, lakini hubadilisha jinsi matokeo yanavyosomeka kwenye ubao. Mchezaji aliyemaliza "juu ya pari" huonekana amepigwa na uwanja.

Silaha kubwa kuliko zote ni kasi ya grini. Hupimwa kwa kifaa kinachoitwa Stimpmeter, ambacho kina historia yake ndani ya malalamiko haya haya. Mwaka 1935 U.S. Open ilichezwa Oakmont, ambako grini zilijulikana kwa wepesi wa kutisha. Mshindi, Sam Parks Jr., alimaliza kwa mikwaju 299, na hakuna mwingine aliyeshuka chini ya 300. Miongoni mwa watazamaji alikuwemo Edward Stimpson, mchezaji wa ridhaa kutoka Massachusetts, aliyemwona bingwa Gene Sarazen akisukuma mpira ukapita tundu na kutoka kabisa nje ya grini. Stimpson alishuku kwamba grini zilikuwa na kasi isiyo ya haki, lakini hapakuwa na njia ya kuthibitisha. Akatengeneza mfereji wa mbao wenye kijishimo cha kushikilia mpira. Mfereji ukiinuliwa hadi pembe fulani, mpira huteremka wenyewe na kubingirika juu ya majani, na umbali unaokwenda kwa futi ndio kasi ya grini.

USGA ilikichukua kifaa hicho katika miaka ya 1970, ikakiunda upya kwa alumini na kuwapa watunza viwanja. Stimpson alikuwa amekibuni ili kuthibitisha kwamba kasi ilizidi mno, lakini kikawa kifaa cha kushindania kasi zaidi: klabu zilianza kujivunia namba zao. Grini ya kawaida ya klabu leo huwa na futi 9 au 10, kwenye U.S. Open hufika 13 au 14.

Kasi na mteremko huenda pamoja, na hapa ndipo penye kiini cha ugomvi mwingi. Mpira ulioko kwenye mteremko husimama kwa sababu majani yanauzuia. Majani yakikatwa hadi milimita mbili au tatu, yakakauka kwa jua na upepo, uzuizi huo hupungua. Kuna mteremko ambao kwa kasi ya futi 10 mpira husimama vizuri, lakini kwa kasi ya futi 13 hausimami tena: ukianza kushuka, huendelea hadi chini. Grini nyingi mashuhuri za Marekani zilijengwa kabla ya mwaka 1930, wakati mashine za kukatia majani hazikuweza kukata chini namna hiyo. Miteremko yao ilifaa kwa majani ya wakati ule. Kuzipa kasi ya leo bila kugusa miteremko ni kubahatisha, na upepo wa alasiri moja unatosha kuharibu hesabu zote za asubuhi.

Tangu Oakland Hills hadi Winged Foot

Sura ya U.S. Open ya kisasa ilianza kuonekana mwaka 1951 kwenye uwanja wa Oakland Hills, karibu na Detroit. Msanifu Robert Trent Jones alikuwa ameuchora upya, akihamisha mabunka hadi mahali hasa ambapo mipira ya wachezaji wa kulipwa ilikuwa ikiangukia, na kuifinya njia ya kati katikati ya mabunka hayo. Katika raundi zote za wachezaji wote, ni raundi mbili tu zilizochezwa chini ya pari ya 70: 69 ya Clayton Heafner na 67 ya Ben Hogan, zote siku ya mwisho. Hogan alishinda kwa mikwaju 287, saba juu ya pari, akasema kwamba amefurahi kulipigisha magoti lile zimwi. Jina la "zimwi" likabaki kwenye uwanja huo hadi leo.

Mwaka 1970 mashindano yalifanyika Hazeltine, Minnesota, uwanja mpya uliochorwa na Jones huyohuyo. Mmarekani Dave Hill, aliyekuwa karibu na kileleni, aliulizwa na waandishi uwanja ule unakosa nini. Alijibu kwamba unakosa ekari themanini za mahindi na ng'ombe wachache, akimaanisha kwamba watu wamelibomoa shamba zuri bila sababu. Alitozwa faini ya dola 150 kwa maneno hayo. Hill alimaliza wa pili nyuma ya Mwingereza Tony Jacklin, ambaye alishinda kwa tofauti ya mikwaju saba na ndiye peke yake aliyekuwa chini ya pari. Hazeltine ilifanyiwa marekebisho makubwa kabla ya U.S. Open kurudi huko mwaka 1991, jambo linaloonyesha kwamba yule mlalamikaji hakuwa amekosea kabisa.

Tukio linalotajwa zaidi katika kipindi hiki ni la Winged Foot mwaka 1974. Mwaka mmoja kabla, huko Oakmont, grini zilikuwa zimelowa na Johnny Miller akapiga 63 katika raundi ya mwisho na kushinda. Wengi waliamini kwamba ukali wa Winged Foot ulikuwa jibu la USGA kwa raundi ile, ingawa USGA ilikana. Kwa vyovyote, siku ya kwanza hakuna hata mchezaji mmoja aliyeshuka chini ya pari ya 70. Gary Player aliongoza kwa kuifikia tu. Jack Nicklaus, aliyekuwa mchezaji bora duniani, alisukuma mpira kwenye grini ya kwanza kabisa ukapita tundu na kutoka nje ya grini. Hale Irwin alishinda akiwa mikwaju saba juu ya pari, na mwandishi Dick Schaap akaandika kitabu kuhusu mashindano hayo kwa kuyaita mauaji ya halaiki.

Ni huko Winged Foot ambako Sandy Tatum, kiongozi wa USGA aliyesimamia utayarishaji wa uwanja, alitoa jibu ambalo chama hicho kimelirudia tangu hapo. Alipoulizwa kama wanataka kuwaaibisha wachezaji bora duniani, alisema kwamba hapana, wanataka kuwatambua. Ni jibu zuri, na kwa kiasi fulani ni la kweli: Irwin alishinda U.S. Open mara tatu, hivyo hakuwa mtu aliyebahatisha. Lakini linaacha swali moja wazi. Uwanja unaweza kumtambua bora iwapo tu ubora wa mkwaju unaonekana kwenye matokeo yake, na mengi ya malalamiko yaliyofuata yanahusu siku ambazo uhusiano huo ulikatika.

Bendera ya Olympic Club

Siku ya Ijumaa ya U.S. Open ya 1998, bendera ya shimo la 18 huko Olympic Club, San Francisco, iliwekwa mahali penye mteremko upande wa nyuma wa grini. Payne Stewart, aliyekuwa akiongoza, alisukuma mpira kutoka umbali wa futi nane hivi. Mpira ulikosa tundu kwa kiasi kidogo, ukapunguza mwendo, kisha ukaanza kuteremka polepole huku yeye akitazama kwa mikono kiunoni, hadi uliposimama futi 25 chini. Mchezaji mwingine, Kirk Triplett, alipoona mpira wake unarudi namna hiyo aliuzuia kwa fimbo, akakubali adhabu ya mikwaju miwili.

Stewart alipoteza mkwaju mmoja kwenye shimo hilo. Siku mbili baadaye Lee Janzen alimshinda kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Haiwezekani kusema kwamba bendera ile ndiyo iliyompokonya ubingwa, maana alikuwa na nafasi nyingine nyingi katika mashimo 72, lakini hesabu hiyo imekuwa ikitajwa kila jina la Olympic Club linapotajwa. Stewart alishinda mwaka uliofuata huko Pinehurst, North Carolina.

Pinehurst hiyohiyo ya 1999 ilikuwa na kisa chake. Grini zake zina umbo la bakuli lililogeuzwa, na mpira usiotua katikati huporomoka pande zote. Siku ya mwisho John Daly alisukuma mpira ukarudi miguuni pake kwenye shimo la 8, na ulipokuwa bado unatembea akaupiga kwa hasira. Alimaliza shimo hilo kwa mikwaju 11 na kuishutumu USGA waziwazi.

Mwezi mmoja baadaye ilidhihirika kwamba tatizo halikuwa la Wamarekani peke yao. The Open ya 1999 ilichezwa Carnoustie, Uskoti, kwenye njia nyembamba zilizozungukwa na majani yaliyonawiri kwa mvua, huku upepo wa bahari ukivuma. Mhispania Sergio García, akiwa na umri wa miaka 19, alipiga 89 na 83 na kuondoka akilia kifuani mwa mama yake. Mshindi Paul Lawrie alimaliza mikwaju sita juu ya pari, baada ya Mfaransa Jean van de Velde kupoteza uongozi wa mikwaju mitatu kwenye shimo la mwisho. Watu hukumbuka zaidi van de Velde akiwa amevua viatu ndani ya kijito, lakini kwa wachezaji wengi jambo la wiki ile lilikuwa majani.

Shinnecock Hills, 2004

Shinnecock Hills iko Long Island, karibu na bahari, juu ya ardhi ya kichanga isiyohifadhi maji. Shimo lake la 7 ni la pari 3 na limeigwa kutoka shimo maarufu la North Berwick, Uskoti: grini yake imekaa mshazari na kuinamia upande wa mbali na mchezaji, hivyo mpira unaotua humo huwa tayari umeelekezwa kuteremka.

Jumamosi ya mashindano wachezaji walianza kunung'unika kuhusu grini hiyo. Usiku haikunyesha mvua, na Jumapili asubuhi upepo mkavu ulivuma. Wachezaji wa kwanza kufika hapo walikuta mpira hausimami. Kundi la kwanza lilikuwa na J.J. Henry na Kevin Stadler, na wote wawili walimaliza shimo hilo kwa mikwaju mitatu juu ya pari. Stadler alisukuma mpira kwenye grini ukaishia ndani ya bunka. Baada ya makundi machache ya mwanzo, maofisa walisimamisha mchezo na kuinyunyizia grini maji. Kuanzia hapo wakaendelea kuinyunyizia kati ya makundi.

Hatua hiyo ilirekebisha kosa moja na kuzaa lingine. Kanuni ya msingi ya mashindano ya mikwaju ni kwamba wote wanacheza uwanja mmoja. Hali ya hewa inaweza kubadilika na hakuna anayemlaumu mtu kwa hilo, lakini hapa mabadiliko yalifanywa na waandaaji kwa mpira wa maji, baada ya wachezaji kadhaa kuwa wamekwisha kuumia. Waliopita mapema hawakurudishiwa mikwaju yao.

Siku hiyo hakuna mchezaji hata mmoja aliyepiga chini ya pari. Wastani wa raundi ulikuwa karibu mikwaju 79 kwenye uwanja wa pari 70, na kati ya wachezaji 66 waliocheza, 28 walishindwa kushuka chini ya 80. Ernie Els, aliyeanza siku akiwa na nafasi nzuri ya kushinda, alipiga 80. Retief Goosen wa Afrika Kusini alipiga 71 na kutwaa ubingwa akiwa mikwaju minne chini ya pari, Phil Mickelson akiwa wa pili. Hawa wawili tu ndio waliomaliza wiki chini ya pari. Wanaotetea uwanja ule husema kwamba ulimpata bingwa halisi, kwani Goosen alikuwa ameshinda U.S. Open ya 2001 pia na alisukuma mpira kwa ustadi wa ajabu siku ile. Hoja hiyo ina uzito, ingawa haiwasaidii wale waliopita shimo la 7 kabla ya maji.

Baada ya hapo kazi ya kutayarisha viwanja ilikabidhiwa kwa Mike Davis kuanzia 2006. Alileta majani ya pembeni yenye ngazi: karibu na njia ya kati ni mafupi kiasi, na kadiri mpira ulivyopotea mbali ndivyo yanavyozidi kuwa marefu, ili aliyekosa kidogo asiadhibiwe sawa na aliyekosa sana. Pia alisogeza mbele au nyuma mahali pa kuanzia kutoka siku moja hadi nyingine. Kwa miaka kadhaa malalamiko yalipungua, ingawa alama zilibaki juu: washindi wa 2006 na 2007 walimaliza mikwaju mitano juu ya pari.

Miaka minne ya msukosuko

Utulivu huo ulivunjika mwaka 2015 huko Chambers Bay, jimbo la Washington, uwanja uliojengwa mahali palipokuwa machimbo ya kokoto na kufunguliwa 2007. Safari hii tatizo halikuwa kasi. Grini zilipandwa aina moja ya majani, lakini aina nyingine ilikuwa imejipenyeza, na kwa kuwa aina hizo mbili hukua kwa kasi tofauti, uso wa grini ulikuwa na vinundu. Mpira uliosukumwa vizuri ulirukaruka njiani. Henrik Stenson wa Uswidi alisema ni kama kusukuma mpira juu ya brokoli. Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini akasema rangi yake ni ya koliflawa zaidi. Gary Player alitumia maneno makali zaidi ya hayo. Dustin Johnson, ambaye angeshinda kwa kuingiza msukumo wa futi 12 kwenye shimo la mwisho, alihitaji misukumo mitatu, na ubingwa ukaenda kwa Jordan Spieth. Baadaye grini za Chambers Bay zilipandwa upya zote kwa majani ya aina moja.

Mwaka 2016, Oakmont, mpira wa Johnson ulisogea kidogo kwenye grini ya 5 alipokuwa akijiandaa kuusukuma. Alimwambia mwamuzi kwamba hakuusababisha usogee, na mwamuzi akamruhusu kuendelea. Saba mashimo baadaye, kwenye shimo la 12, aliarifiwa kwamba huenda akaadhibiwa mkwaju mmoja, lakini uamuzi utatolewa raundi ikiisha. Hivyo kwa muda wa mashimo saba yeye na wapinzani wake walicheza fainali bila kujua nani anaongoza. Wachezaji wenzake walishambulia uamuzi huo mitandaoni wakati mchezo ukiendelea. Johnson alishinda kwa mikwaju mitatu hata baada ya adhabu, jambo lililoiokoa USGA na fedheha kubwa zaidi. Ugomvi ulikuwa wa sheria, lakini chanzo chake kilikuwa kasi ya grini: mpira unaokaa juu ya majani mafupi kiasi kile unaweza kusogezwa na jambo dogo tu. Kuanzia Januari 2017 kanuni ilibadilishwa, na mpira unaosogezwa kwa bahati mbaya kwenye grini hauleti tena adhabu.

Mwaka 2018 mashindano yalirudi Shinnecock Hills, na maofisa walikuwa wameahidi kwamba ya 2004 hayatajirudia. Uwanja sasa ulikuwa na zaidi ya yardi 7,400, kutoka karibu 7,000 za mwaka 2004, na njia za kati zilikuwa pana zaidi. Jumamosi asubuhi Tony Finau na Daniel Berger walianza mapema, wakiwa mikwaju 11 nyuma ya Johnson aliyekuwa akiongoza. Kila mmoja alipiga 66. Alasiri upepo ulizidi, grini zikakauka, na baadhi ya bendera zikajikuta juu ya miteremko ambapo mpira haukusimama. Johnson alipiga 77. Siku ilipoisha, wanne walikuwa wamefungana kileleni: Johnson, bingwa mtetezi Brooks Koepka, na wale Finau na Berger ambao asubuhi walikuwa nafasi ya 45.

Zach Johnson, bingwa wa zamani wa Masters na The Open, aliiambia televisheni kwamba USGA imeupoteza uwanja. Jioni hiyohiyo Mike Davis alikiri kwamba sehemu fulani zilikuwa zimekuwa ngumu kupita kiasi na kwamba baadhi ya mikwaju mizuri haikulipwa. Kukiri hadharani namna hiyo, siku ileile, lilikuwa jambo geni.

Lakini picha iliyobaki ni ya Phil Mickelson, aliyekuwa akitimiza miaka 48 siku hiyo. Kwenye grini ya 13 alisukuma mpira ukapita tundu na kuanza kuteremka. Akaukimbilia, akaupiga ukiwa bado unatembea, kama Daly miaka 19 kabla. Alipewa adhabu ya mikwaju miwili, akamaliza shimo hilo kwa 10 na raundi kwa 81. Mwanzoni alieleza kwamba alitumia sheria kwa kujua, kwa kuwa mikwaju miwili ilikuwa nafuu kuliko kwenda na kurudi; siku chache baadaye aliomba radhi. Wengine walidai alipaswa kuondolewa mashindanoni, na wengine wakaona ni kilio cha mtu aliyechoka na wiki za namna hiyo.

Usiku huo grini zilimwagiliwa na Jumapili bendera ziliwekwa mahali rahisi. Tommy Fleetwood wa Uingereza alipiga 63. Koepka alishinda akiwa mkwaju mmoja juu ya pari, mtu wa kwanza kushinda mara mbili mfululizo tangu Curtis Strange mwaka 1989.

Hoja za pande mbili

Sehemu ya mgogoro inatokana na nani mwenye mashindano. Mashindano ya kila wiki nchini Marekani huendeshwa na PGA Tour, chombo kilichotokana na wachezaji wenyewe walipojitenga mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko uwanja hutayarishwa kwa kuzingatia kwamba wachezaji ni wanachama. USGA, kinyume chake, ni chama kilichoanzishwa 1894 na klabu za wachezaji wa ridhaa, na hakiwajibiki kwa mchezaji wa kulipwa hata mmoja. Mchezaji anayetoka wiki ya mikwaju 20 chini ya pari na kuingia wiki ya mkwaju mmoja juu ya pari huona amehamia nchi nyingine.

Nicklaus, aliyeshinda U.S. Open mara nne, hakuwa na huruma na walalamikaji. Amesimulia kwamba alipowasikia wenzake katika chumba cha kubadilishia nguo wakilaumu majani au grini, aliwafuta mmoja mmoja kwenye orodha ya wapinzani wake. Watazamaji nao wamegawanyika. Mwaka 2017 huko Erin Hills, Wisconsin, njia za kati zilikuwa pana na Koepka akashinda akiwa mikwaju 16 chini ya pari. Mwaka 2023 huko Los Angeles, Rickie Fowler na Xander Schauffele walipiga 62 kila mmoja siku ya kwanza, alama ya chini kabisa katika historia ya mashindano hayo. Mara zote mbili malalamiko yalikuja kutoka upande wa pili, kwamba hii si U.S. Open tena.

Nyuma ya yote haya kuna suala la vifaa. Mipira na fimbo za kisasa hupeleka mpira mbali kiasi kwamba viwanja vya kale haviwezi kujilinda kwa urefu wao peke yake, na kinachobaki ni majani na grini. Winged Foot mwaka 2020 ilionyesha kwamba hata majani hayatoshi: Bryson DeChambeau alikosa zaidi ya nusu ya njia za kati kwa kupiga kwa nguvu zote, akashinda kwa tofauti ya mikwaju sita, na ni yeye pekee aliyekuwa chini ya pari. Desemba 2023 USGA na chama cha R&A cha Uskoti vilitangaza kipimo kipya cha mipira kitakachopunguza umbali.

Baada ya 2018 USGA ilimwajiri Jason Gore, aliyewahi kuwa mchezaji wa kulipwa, kuwa kiungo kati yake na wachezaji, na jukumu la kutayarisha viwanja likaenda kwa John Bodenhamer. Mwaka 2025 mashindano yalirudi Oakmont, majani yakiwa na urefu wa inchi tano. J.J. Spaun alishinda kwa kuingiza msukumo wa futi 64 kwenye shimo la mwisho, akiwa mkwaju mmoja chini ya pari. Wengine wote walikuwa juu ya pari. Manung'uniko yalisikika wiki nzima, hasa kuhusu majani, lakini grini hazikulazimika kumwagiliwa katikati ya mchezo.